Sura ya Nne: Mkaazi na Komini Yake

Mtu akilala Katuba, akatandaza meza yake kila asubuhi katika soko la Kenya, akasali Kamalondo siku ya Jumapili, na kiwanja anachojenga kikawa Luwowoshi, ambako kuta zimefika kimo cha madirisha na fedha zimekwisha, mtu huyo ni mkaazi wa komini ipi? Katika siku za kawaida suali hili halimkoseshi mtu usingizi, kwa kuwa barabara za Lubumbashi hazina milango baina ya komini na komini, na wengi wa wapitao hawajui Kenya inakomea wapi na Kamalondo inaanzia wapi. Walakini unapotangazwa uchaguzi wa mabaraza ya komini, suali lile lile hugeuka kuwa la kisheria, tena la lazima, maana kura ya Rais wa Jamhuri huifanya nchi nzima kuwa jimbo moja, na kura ya wabunge wa taifa huukusanya mji wote wa Lubumbashi, ilhali kura ya diwani haivuki mpaka wa komini ambamo mpiga kura ameandikishwa.

Nakusudia katika sura hii kueleza mkaazi wa Lubumbashi huipigia wapi kura ya komini, na kwa nini mahali hapo pana uzito kuliko panavyodhaniwa. Na kwa kuwa jambo lenyewe lina tarikhi ndefu kuliko umri wa wengi wanaolizungumza leo, sina budi kuanzia mbali kidogo, katika zama za jina la Élisabethville.

Mji ule, ulioasisiwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba ya Union Minière du Haut-Katanga, uligawanywa kwa rangi za watu: Wazungu katikati, na Waafrika katika makazi yaliyotengwa nao kwa ukanda mtupu wa ardhi upatao mita 700, ambao wakubwa wa serikali waliutetea kwa hoja za afya na malaria, ijapokuwa mbu, kwa nijuavyo, hawasomi ramani. Mwafrika aliyekaa ng'ambo ya ukanda ule alihesabiwa kuwa mgeni mwenye kibali: aliishi mjini maadamu ana kazi, na kazi ikikatika aliweza kuamriwa arudi kijijini kwao, hata kama kijiji hicho hakukiona tangu utotoni. Dekrii ya mwaka 1931 iliyapa makazi ya namna hiyo hali ya kisheria, yakawa nje ya himaya ya machifu wa jadi, na yakapewa chifu wake na baraza lake. Lakini chifu huyo na wazee wa baraza lake waliteuliwa na serikali, na hapana mkaazi aliyetakwa shauri.

Wakati huo huo reli na migodi zilikuwa zikifanya kazi ambayo hapana dekrii iliyoweza kuizuia. Kampuni ya madini, ambayo hapo kwanza ilichukua vibarua wa muda kutoka Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwataka wafanyakazi wakae na wake zao na watoto wao, wasirudi kila baada ya miezi michache. Na reli iliyounganisha Katanga na Kasai ikaleta watu wengi wa Kasai, ambao miongoni mwao walikuwamo waliokwisha soma kwa wamisionari na kujua kuandika na kuhesabu, wakawa makarani, wasimamizi na mafundi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia makazi ya Kamalondo na Kenya yakafurika, zikajengwa Katuba na Ruashi. Na humo wakakaa jirani kwa jirani Wasanga na Walamba, Wabemba na Walunda, Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai, Wasongye na watu wa Maniema, wakizungumza baina yao Kiswahili cha mji ule, ambacho hakikuwa cha kabila lolote miongoni mwao na kwa hiyo kikawa cha wote.

Katika hali hiyo ndipo ilipotolewa, tarehe 26 Machi 1957, dekrii ya miji, iliyogawa miji mikubwa ya Kongo katika komini, kila komini ikiwa na baraza lake na bugumestri wake, yaani mkuu wa komini, na juu yao wote bugumestri mkuu wa mji, Mbelgiji, aliyeteuliwa. Élisabethville ikapata komini nne za Waafrika, nazo ni Albert, ambayo leo ni Kamalondo, na Kenya, na Katuba, na Ruashi. Desemba ya mwaka huo huo wakaazi wa Léopoldville, wa Élisabethville na wa Jadotville, ambao leo ni mji wa Likasi, wakaitwa kwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Serikali, kwa hadhari yake, ilisema kwamba inataka shauri tu, na kwamba neno la mwisho la kumthibitisha mtu katika wadhifa ni lake. Na walioruhusiwa kutoa shauri hilo walikuwa wanaume waliotimiza miaka 25. Wanawake, ambao ndio waliokuwa wakiyaendesha masoko ya makazi yale na kujua kuliko waume zao ni mfereji upi umeziba na bomba lipi limekauka, hawakuhesabiwa.

Msomaji na asimame hapa kidogo, maana katika dekrii ile kulikuwa na jambo dogo kwa maandishi na kubwa kwa matokeo. Kura ilitolewa kwa mtu kwa sababu anakaa katika komini, pasipo kuulizwa babu yake alizikwa wapi. Kwa miaka karibu 50 Mwafrika wa Élisabethville alikuwa ameandikwa katika kila daftari kwa kabila lake, chifu wake na kijiji chake. Kazini, hospitalini, katika pasi ya kusafiria, hata katika vyama vya kuzikana. Sasa ghafula sheria ilimwambia kwamba kwa siku moja, na kwa shughuli moja, yote hayo hayatazamwi, na linalotazamwa ni mlango wa nyumba yake. Sidhani kwamba waandishi wa dekrii ile, waliokuwa Brussels wakifikiria taka na maji na leseni za baiskeli, walitambua ukubwa wa walichokiandika.

Matokeo yalikuja, na kati ya mabugumestri wanne wa komini za Waafrika wa Élisabethville, watatu walikuwa na asili ya Kasai na wa nne asili ya Maniema. Hapana hata mmoja aliyehesabiwa kuwa mwenyeji wa Katanga. Kwa mantiki ya makazi hapakuwa na la ajabu: watu wa Kasai walikuwa wengi mjini, walikuwa na vyama vilivyopangwa, na walikuwa na wasomi waliozoea kusema mbele ya watu, na kura za wenyeji zilitawanyika kwa wagombea wengi. Kwa mantiki ya asili, hata hivyo, ilikuwa kana kwamba wageni wamekabidhiwa funguo za nyumba wenyewe wakiwa wamelala uani, na mantiki hii ya pili ndiyo iliyoshika mioyo. Mnamo Oktoba 1958 vyama vya makabila ya Katanga viliungana vikaunda Conakat, ambayo rais wake wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, na baada yake Moïse Tshombe, na miongoni mwa madai yake ya mwanzo kabisa lilikuwamo hili, kwamba watu wa Katanga wenye asili wapewe haki ya kwanza katika kuitawala nchi yao.

Sitaki nieleweke vibaya. Utengano wa Katanga, uliotangazwa na Tshombe tarehe 11 Julai 1960 na kumalizika Januari 1963, haukuzaliwa na kura ya komini; shaba, makampuni, walowezi na askari wa Ubelgiji walikuwa na sehemu kubwa zaidi katika mambo yale, na Jason Sendwe na chama chake cha Balubakat, ambao pia walikuwa wana wa Katanga, waliupinga utengano huo kwa nguvu zao zote. Lakini ni dhahiri kwamba katika mji huu suali la nani ana haki ya kumchagua mtu wa kuzoa taka lilitangulia suali la nani ana haki ya kutawala, na kwamba walioshindwa mwaka 1957 walikuwa na njia mbili, ama watafute wagombea bora na umoja zaidi kwa safari ijayo, ama wabadilishe suali lenyewe, waseme kwamba kukaa hakutoshi. Nao walichagua njia ya pili. Njia hiyo haikufungwa tangu hapo. Miaka ya 1992 na 1993 mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa Likasi na Kolwezi na hawakuwahi kuiona Kasai, walifukuzwa katika nyumba zao wakalundikana katika stesheni za reli wakingoja magari ya moshi, na si wachache waliokufa katika kungoja huko. Na mwaka 2021 lilipofikishwa bungeni Kinshasa pendekezo la kwamba urais na vyeo vikubwa vya dola viwe vya wale tu ambao baba na mama zao wote wawili ni Wakongo, pendekezo ambalo wengi waliliona limemlenga Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, suali lilikuwa lile lile likirudi kwa vazi jingine, na safari hii likimgusa mwana wa Katanga mwenyewe.

Zama za Rais Mobutu nitazipita upesi. Mji ulipewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, komini zikaitwa zoni na mabugumestri wakawa makomisheni, na ikiwa kulikuwa na uchaguzi wa madiwani chini ya chama kimoja, MPR, basi mwenye kuchaguliwa alikuwa amekwisha chaguliwa na chama kabla ya raia kufika.

Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 iliirudisha komini katika hadhi yake, ikaihesabu miongoni mwa vyombo vyenye nafsi ya kisheria na haki ya kujiendesha, pamoja na miji, sekta na himaya za machifu. Na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ikaeleza kwa urefu baraza la komini ni nini, linakaa lini na lina mamlaka gani. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa uchaguzi. Ulitajwa katika mipango ya mwaka 2006, ukaahirishwa. Ukatajwa tena baada ya mwaka 2011, ukaahirishwa. Mwaka 2015 tume ya uchaguzi, CENI, ikatoa kalenda iliyoutaja kwa tarehe kabisa, 25 Oktoba, na tarehe hiyo ikapita kama tarehe nyingine yoyote. Katika muda huo Katanga yenyewe ilivunjwa ikawa majimbo manne, Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika, na Lubumbashi ikabaki makao makuu ya la kwanza. Mabugumestri wa komini zake saba waliendelea kuteuliwa kutoka juu, wakija na kuondoka kwa amri zisizosomwa na wanaotawaliwa nao.

Komini hizo saba ni Lubumbashi yenyewe, iliyobeba jina la mji na ofisi nyingi za serikali; Kampemba; Kamalondo, ndogo na kongwe; Kenya; Katuba; Ruashi; na Annexe, ambayo imeuzunguka mji pande zote na kuvimeza vijiji vya zamani kama Kasungami na Kalebuka. Annexe yataka maelezo mbali. Mkaazi wa Kamalondo ana mtaa wenye jina, nyumba yenye namba na jirani aliyemjua babu yake. Mkaazi wa Annexe aghalabu amenunua kiwanja kwa hati iliyotiwa sahihi na mtu mmoja na kubishwa na mwingine, hana namba mlangoni, na hueleza kwake kwa kutaja mwembe, kanisa na duka la mkaa. Huko ndiko mji unakokua, huko ndiko waendako wale wote wanaochoka na kodi za nyumba za Kenya na Katuba, na kwa hiyo huko ndiko suali la kupiga kura mahali unapokaa linapouma zaidi.

Hatimaye, siku ya Jumatano tarehe 20 Desemba 2023, miaka 66 kamili baada ya Desemba ile ya kwanza, wakaazi wa Lubumbashi walipiga kura nne kwa pamoja: ya Rais, ya wabunge wa taifa, ya wabunge wa jimbo na ya madiwani wa komini. Neema hii ya nne haikuwafikia Wakongo wote, maana CENI iliamua kwamba kwa safari hii madiwani wachaguliwe katika komini za miji iliyo makao makuu ya majimbo tu, ikiacha nje miji mingine na vijijini kote; hivyo mtu wa Ruashi alikuwa na haki ambayo mtu wa Likasi, mji uliopiga kura ya komini siku zile zile mwaka 1957, hakuwa nayo. Wagombea wa udiwani katika nchi nzima walifika 31,234.

Na mtu alipiga kura wapi? Jawabu la sheria ni jepesi: pale alipoandikishwa. Uandikishaji uliofunguliwa katika Haut-Katanga tarehe 25 Januari 2023 ulikuwa mpya kabisa, kadi za zamani hazikufaa tena, na kila mtu alitakiwa kufika mwenyewe katika kituo, aghalabu shule, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole, akapewa kadi yenye jina lake na kituo chake. Jina lake likaingia katika daftari la kituo hicho, na siku ya kura alipaswa kulikuta limebandikwa katika orodha nje ya chumba cha kupigia. Jawabu la maisha, walakini, ni gumu kuliko la sheria, na ugumu wake unatokana na jambo ambalo wageni wa nchi hii hulisahau, nalo ni kwamba kadi ya mpiga kura, kwa kukosekana kitambulisho cha taifa kwa miaka mingi, ndiyo kitambulisho. Kwa kadi hiyo mtu hufungua akaunti benki, husajili namba ya simu, hupokea fedha alizotumiwa na nduguye aliye Kasumbalesa, na hujieleza kwa askari anayemsimamisha usiku. Basi watu wengi walipojipanga Januari na Februari, mvua zikiwanyeshea, hawakuwa wakienda kuchagua komini. Walikuwa wakienda kutafuta kadi, na atafutaye kadi hutazama foleni ipi ni fupi, au kituo kipi kiko karibu na kazi yake, au wapi ana binamu atakayemshikia nafasi tangu alfajiri. Mchuuzi wa Annexe akajiandikisha Kenya kwa sababu ndiko aliko mchana. Mwanafunzi wa Kampemba akajiandikisha karibu na Kasapa kwa sababu ndiko aliko na wenzake wa Chuo Kikuu. Miezi kumi baadaye wakatambua, kama walitambua, kwamba siku ile walikuwa wamechagua pia nani atawasemea kuhusu mifereji, na kwamba mifereji hiyo ni ya watu wengine.

Kuna wale pia waliohama katikati. Sheria inamtaka anayebadili makazi aitaarifu tume, lakini mpangaji aliyeongezewa kodi na kuambiwa aondoke mwisho wa mwezi ana mambo mengi ya kufikiri kabla ya hilo. Tena kulikuwa na balaa la kadi zenyewe, ambazo wino wake ulififia kwa wengi kabla mwaka haujafika nusu, jina likatoweka, picha ikawa kivuli, hata CENI ikalazimika kutoa nakala nyingine. Mtu asiyeweza kusoma kituo chake katika kadi, na ambaye orodha imechelewa kubandikwa, alikuwa na njia moja tu, kuzunguka shule moja hadi nyingine akiuliza, na vyumba vya kura kisheria vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Siku ile katika sehemu nyingi za nchi vyumba vilichelewa kufunguka, vifaa vilichelewa kufika, mashine za kupigia kura zilikataa kuwaka, na tume ikalazimika kuruhusu kura iendelee siku ya pili, jambo ambalo waangalizi na wapinzani walililalamikia sana.

Sisi tunaosoma habari za pwani tunajua kwamba suali hili la makazi limewasumbua na wenzetu. Zanzibar, ambako mahali pa mtu na kura ya mtu vimefungamana tangu zama za vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi, sheria kwa miaka mingi ilidai mtu awe amekaa katika jimbo miezi 36 mfululizo kabla ya kuandikishwa, na tangu mwaka 2005 kipo kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Na ubishi mkubwa wa kila uandikishaji umekuwa ni sheha wa shehia, maana ndiye anayemtambua nani mkaazi na nani si mkaazi, na mwenye kutambua anaweza pia kujifanya hamtambui mtu. Lubumbashi haina sheha. Ina mkuu wa kartiye, naye huteuliwa wala hachaguliwi, lakini kadi haitoki kwake. Nionavyo mimi, kati ya aibu mbili hizi, ya mlango mwembamba mno na ya mlango usio na mlinzi, ile ya Lubumbashi ina nafuu, kwa sababu kura iliyopigwa komini ya jirani ni kura iliyopotoka, ilhali kura aliyonyimwa mtu kwa kuwa mzee wa mtaa hakumpenda ni haki iliyoibwa. Na katika mji wenye kumbukumbu za mwaka 1957 na 1992, kumpa mtu mmoja wa mtaa uwezo wa kusema nani ni wa hapa na nani si wa hapa ni kuchezea moto.

Sasa msomaji ana haki ya kuuliza, kwa nini taabu yote hii kwa ajili ya diwani? Kwa sababu komini ndiyo dola iliyo karibu zaidi na mlango. Mtoto akizaliwa, cheti chake hutoka katika ofisi ya komini. Vijana wakioana, bugumestri au mwakilishi wake ndiye anayewafungisha ndoa ya serikali. Sheria ya mwaka 2008 imeliwekea baraza la komini barabara za ndani, mifereji, taka, taa za mitaa, masoko ya komini na makaburi, pamoja na bajeti yake na ushuru wake. Anayelipa ushuru wa kila siku katika soko la Kenya kwa meza ya nyanya, na ambaye katika mvua za Januari huyatia maji yote ya soko katika viatu vyake, amekuwa akitoa fedha kwa watu asioweza kuwauliza fedha hizo zimekwenda wapi. Baraza lililochaguliwa lina haki ya kumuuliza bugumestri, na la kumwondoa pia. Katiba nayo imeagiza kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa yabakie majimboni, na sheria ikaagiza kwamba katika fungu hilo komini na vyombo vingine vya chini vipate sehemu yao. Maagizo hayo hayajatekelezwa ipasavyo hata leo, na mteule wa kutoka juu hana sababu ya kuyadai kutoka kwa wale waliomteua.

Hapa ndipo nalazimika kusema neno lisilopendeza. Sheria imepanga ngazi: wakaazi wanawachagua madiwani; madiwani wanamchagua bugumestri na msaidizi wake; madiwani hao hao wanawachagua wajumbe wa baraza la mji; na baraza la mji linamchagua meya. Ngazi ya kwanza ilipandwa Desemba 2023, na matokeo yakatangazwa Januari iliyofuata. Ngazi nyingine zilibaki wazi: mwaka mzima wa 2024 ukaisha, magavana na maseneta wakiwa wamekwisha chaguliwa, ilhali uchaguzi wa mabugumestri na wa meya haujafanyika, na mji ukaendelea kuongozwa na walioteuliwa. Diwani aliyepigiwa kura na watu wa Ruashi akawa na jina, na wapiga kura, na karatasi ya kushinda, akakosa bugumestri wa kumhoji aliyetokana naye. Kisingizio cha fedha kimetolewa, nami sikikatai chote, maana ni kweli uchaguzi ni ghali. Ila nashindwa kufahamu ni gharama gani kubwa iliyo katika kuwakusanya madiwani wa komini moja katika ukumbi mmoja, wakapewa vipande vya karatasi na sanduku moja. Kura hiyo ingekwisha kabla ya adhuhuri.

Lawama nyingine ni yetu sisi wapiga kura. Katika siku zile za kampeni, mabango ya wagombea yalipofunika kila ukuta kutoka Kamalondo hadi katikati ya mji, na nyimbo za magari ya vipaza sauti zilipowataja wagombea urais, Katumbi au Tshisekedi, kutwa, ni wangapi waliouliza mgombea udiwani wa komini yao ni nani, isipokuwa kwa namba yake ya katika mashine? Watu waliikariri namba, wakaibonyeza kwa sababu ni ya mtoto wa shangazi, au ya kijana wa kanisani, au ya kabila. Nami niliyekwisha eleza habari za mwaka 1957 sitajifanya nimeshangaa. Kilicho tofauti ni kwamba safari hii wanawake walipiga kura, wakagombea, na sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa mwaka 2022 ikaisamehe ada orodha yoyote ambayo nusu ya wagombea wake ni wanawake. Yule mama wa soko la Kenya ambaye mumewe alitakwa shauri mwaka 1957 na yeye akaachwa, leo mjukuu wake wa kike anaweza kukaa katika baraza lenyewe.

Muhula ni miaka mitano, na kabla ya kura ijayo tume itafungua tena madaftari. Basi wewe uliyehama Katuba ukajenga Luwowoshi, usijiandikishe penye foleni fupi wala penye binamu. Nenda katika kituo cha komini unayolala, na kabla hujatoka mlangoni soma kadi yako herufi kwa herufi, jina, tarehe na kituo, na kikiandikwa kisicho chako watake wasahihishe pale pale wangali na mashine mbele yao. Orodha zikibandikwa, nenda ukatazame jina lako siku kadhaa kabla, usingoje asubuhi ya kura. Na siku hiyo, ukiisha kumchagua Rais na wabunge, usifanye haraka ya kutoka: diwani bado.